Gdańsk: bandari iliyojifunza kuusoma mwili wa binadamu

Kusini kidogo mwa kitovu cha mji wa Gdańsk, kaskazini mwa Poland, kuna jengo la matofali ya kuchoma ambalo wageni wengi hulipita bila kuligeukia. Lilijengwa na watawa Wafransisko. Mwaka 1558 likawa shule, na leo ni Makumbusho ya Taifa ya mji huo. Ndani yake imetundikwa Hukumu ya Mwisho ya Hans Memling, moja ya picha kubwa za karne ya 15 barani Ulaya. Na katika shule hiyohiyo, mwaka 1613, daktari Joachim Oelhaf alipasua maiti hadharani, tendo ambalo mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la aina yake katika sehemu ile ya Ulaya.

Katika picha, malaika mkuu Mikaeli anawapima watu walio uchi kwenye mizani. Shuleni, daktari alichukua kisu na kutafuta jibu ndani ya mwili wenyewe. Mambo hayo mawili yalikutana katika jengo moja kwa sababu Gdańsk ni bandari, na bandari hupokea kila kinacholetwa na maji: nafaka, picha, vitabu, panya, magonjwa, madaktari. Ukiufuata mwili wa binadamu katika historia ya mji huu, mambo mengi yaliyotatanishwa na wanasiasa yanaanza kueleweka.

Tuanze na tatizo la jina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Gdańsk, ambayo herufi yake ń inasikika kama ny ya nyumba iliyokatwa irabu, ndiyo Danzig ya vitabu vya Kijerumani. Mji unatajwa kwa mara ya kwanza katika habari za Mtakatifu Wojciech, aliyepita hapo mwaka 997. Mwaka 1308 ulitekwa kwa umwagaji damu na watawa wapiganaji wa Kijerumani wa Shirika la Teutoni. Mwaka 1361 ukaingia Hansa, umoja wa miji ya biashara ya bahari za kaskazini. Mwaka 1454 wakazi wakawaasi wale watawa na kujiweka chini ya mfalme wa Poland, kwa masharti yao: mahakama yao, kodi zao, baraza lao. Hali hiyo ilidumu hadi 1793, Prussia, dola ya Kijerumani, ilipoumeza mji.

Hiyo miaka 339 ndiyo ufunguo. Wakazi wengi walizungumza Kijerumani, wakawa Walutheri, wakamtii mfalme Mkatoliki wa Poland, na wala hawakuona kwamba hapo pana fumbo. Ukiuliza leo kama mwanasayansi fulani wa Gdańsk wa karne ya 17 alikuwa Mjerumani au Mpolandi, unamtwisha mtu swali lililotungwa miaka 200 baada ya kifo chake. Yeye angekujibu kwamba ni raia wa Gdańsk.

Turudi kwenye picha. Memling aliichora kati ya 1467 na 1471 mjini Bruges, kwa agizo la Angelo Tani, wakala wa benki ya ukoo wa Medici. Ilikusudiwa kwenda Italia. Lakini Hansa ilikuwa vitani na Uingereza, na mwaka 1473 nahodha Paul Beneke wa Gdańsk, haramia mwenye kibali cha mji wake, aliiteka meli iliyoibeba. Papa Sixtus IV aliidai, akina Medici wakaidai, wapi! Picha ikapelekwa Kanisa la Maria, jengo la matofali lililochukua zaidi ya miaka 150 kukamilika na ambalo hadi leo ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi ya matofali duniani.

Ni mbao tatu zilizounganishwa kwa bawaba, zinazofunguka kama madirisha. Kushoto, waliookoka wanapanda ngazi ya bilauri kuelekea lango la mbinguni. Kulia, waliolaaniwa wanaporomoka motoni huku mashetani wakiwasukuma. Katikati Mikaeli amevaa dirii inayong'aa, na ndani ya dirii hiyo unaweza kuona taswira ya wale waliomzunguka. Aliye kwenye sahani nzito ya mizani, akiwa amekunja mikono kwa sala, ana uso wa Tommaso Portinari, mwenzake Tani katika benki. Mfanyabiashara amewekwa kwenye mizani ya Mungu, katika picha iliyotekwa baharini na kuwekwa mbele ya wafanyabiashara wengine ambao kila siku walikuwa wakipima nafaka za watu. Sidhani kama kuna kanisa lingine ambapo mchoro huo ungewachoma waumini zaidi.

Safari zake hazikuishia hapo. Majeshi ya Napoleon yaliipeleka Paris mwaka 1807, ikarudi baada ya Napoleon kuanguka. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliificha ndani ya nchi yao, Wasovieti wakaichukua hadi Leningrad, na mwaka 1956 ikarejea Gdańsk. Kanisani sasa pana nakala tu. Picha yenyewe imo katika jengo la watawa, pale Oelhaf alipofundishia.

Ukitoka hapo ukashuka hadi mto Motława utakuta winchi ya kale inayoitwa Żuraw, neno la Kipolandi lenye maana ya korongo, na kweli mnara wake wa mbao umeinama juu ya maji kama ndege anayevua. Ilijengwa upya kati ya 1442 na 1444. Haikuwa na injini wala ng'ombe wa kuivuta. Wanaume waliingia ndani ya magurudumu makubwa ya mbao na kutembea, hatua kwa hatua bila kufika popote, na kwa miguu yao mzigo wa tani 4 ulipanda hadi mita 11. Utajiri wote ule, nyumba za Kidachi zenye vichwa vya mapambo, sanamu ya Neptune sokoni, dari la ukumbi wa baraza ambalo Isaak van den Blocke alilichora mwaka 1608 akiuonyesha mji ukiwa juu ya tao huku mkono wa Mungu ukiushika, ulianzia kwenye nafaka iliyoteremka kwa mto Vistula na kwenye misuli ya miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Fedha za nafaka ndizo zilizolipa shule. Shule ile ya mwaka 1558 haikuwa chuo kikuu, kwa kuwa haikutoa shahada. Lakini tangu 1580 ilikuwa na nafasi ya profesa wa anatomia na tiba, na kijana wa mji aliweza kuanza masomo hapo kabla ya kwenda vyuo vikuu vya Leiden au Padua. Wataalamu walirudi na maarifa ya kule, kama meli zinavyorudi na shehena.

Wakati huohuo mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Johannes Hevelius, mtoto wa mtengeneza bia na yeye mwenyewe mtengeneza bia, alijenga kituo cha kutazama nyota juu ya mapaa ya nyumba zake. Mwaka 1647 alitoa Selenographia, kitabu cha ramani za mwezi ambazo alizichonga kwa mkono wake kwenye mabamba ya shaba. Jambo la ajabu ni kwamba alitumia darubini kuutazama mwezi, lakini alipopima mahali zilipo nyota aliamini jicho tupu. Wanasayansi wa London walitia shaka. Mwaka 1679 kijana Edmond Halley akaja hadi Gdańsk kumjaribu, akaondoka akikiri kwamba vipimo vya mzee yule ni sahihi. Mwaka uleule moto uliteketeza kituo chote. Hevelius alijenga upya, na alipofariki mwaka 1687 ni mkewe Elisabeth, aliyekuwa akipima nyota bega kwa bega naye, aliyekamilisha na kuchapisha orodha yao ya nyota mwaka 1690.

Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Hevelius alizaliwa hapo Gabriel Daniel Fahrenheit. Wazazi wake walikufa siku moja mwaka 1701 baada ya kula uyoga wenye sumu, naye akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara. Biashara haikumkaa moyoni. Kioo na zebaki vilimkaa. Kipimajoto chake cha zebaki ndicho cha kwanza kilichoaminika kiasi kwamba viwili vilivyotengenezwa mbali mbali vilisoma sawa. Alipoeleza kipimo chake mwaka 1724 alihitaji alama ambazo mtu yeyote angeweza kuzipata: mchanganyiko wa barafu na chumvi ukawa 0, barafu inayoyeyuka 32, na joto la mtu mwenye afya, kipimajoto kikiwa mdomoni au kwapani, akaliita 96. Baadaye kipimo kilirekebishwa na joto la mwili likaangukia 98.6, ambalo kwetu ni nyuzi 37. Angalia alivyofikiri: ili kuupima ulimwengu, aliuchukua mwili wa binadamu kuwa mmoja wa misumari ya kuning'inizia kamba yake.

Na sasa kile ninachokipenda kuliko vyote.

Johann Adam Kulmus, daktari mzaliwa wa Breslau, aliandika kitabu kidogo cha anatomia kilichotoka Gdańsk mwaka 1722: majedwali yenye picha za viungo na maelezo mafupi, kitu cha mwanafunzi kubeba mfukoni. Miaka michache baadaye akawa profesa katika shule ileile ya Oelhaf. Hakikuwa kitabu cha kifahari. Ufupi wake ndio uliokisafirisha. Mwaka 1734 kilitafsiriwa kwa Kidachi mjini Amsterdam, na kwa meli za Wadachi, Wazungu pekee walioruhusiwa wakati ule kufanya biashara na Japani, kikafika upande mwingine wa dunia.

Mwaka 1771, katika uwanja wa kunyongea watu wa Kozukappara huko Edo, yaani Tokyo ya leo, madaktari Sugita Genpaku na Maeno Ryōtaku walikwenda kutazama mwili wa mwanamke aliyeuawa kwa hukumu ukipasuliwa. Kila mmoja alikuwa na nakala yake ya kitabu kile. Mzee aliyeshika kisu alitoa mapafu, ini na figo kimoja kimoja, nao wakalinganisha na kurasa. Michoro ya jadi waliyofundishwa, yenye asili ya China, haikufanana na walichokiona. Ya Kulmus ilifanana. Siku iliyofuata wakaanza kutafsiri.

Kidachi cha Maeno kilikuwa kidogo, cha Sugita karibu hakuna, na kamusi ya kutegemea haikuwepo. Walikaa juu ya sentensi moja siku nzima. Mwaka 1774 tafsiri ikatoka kwa jina Kaitai Shinsho, kitabu kipya cha anatomia, na kwa kuwa Kijapani hakikuwa na neno la neva, walilibuni: shinkei. Linatumika hospitalini Japani hadi leo. Kila mtu anayefanya kazi ya kuipatia lugha yake istilahi za sayansi, na Kiswahili kinawajua watu wa namna hiyo, anapaswa kuwafahamu wale wawili na kijitabu chao cha Gdańsk.

Lakini milango inayopitisha vitabu hupitisha na mengine. Mwaka 1709, wakati vita vya kaskazini vikisukuma majeshi na wakimbizi huku na huko, tauni iliua zaidi ya watu 24,000 mjini na vitongojini mwake. Kwa mji wa ukubwa ule ni kama kupoteza mtu mmoja katika kila nyumba, na pengine zaidi. Daktari Johann Christoph Gottwald aliyepitia maafa hayo aliyaandika, na maandishi yake yakawa somo kwa madaktari wa miji mingine. Bandari inapopatwa na tauni hukabwa na swali gumu kuliko mji wa bara: ukifunga malango, njaa inaingia; ukiyaacha wazi, kifo kinaendelea kuingia. Baadaye katika karne hiyo Nathanael Matthaeus von Wolf, aliyekuwa daktari na mtazamaji wa nyota, alifanya kazi ya kueneza uchanjaji wa ndui. Alikufa mwaka 1784 na akazikwa kilimani karibu na kituo chake cha kutazamia nyota.

Tiba ya watu wa kawaida ilikuwa na kaharabu. Utomvu huo wa miti ya kale uliogeuka jiwe husukumwa na mawimbi hadi ufukweni mwa Baltiki, na mafundi wake walikuwa na chama chao Gdańsk tangu 1477. Msomaji asiuchanganye na ambari ya manukato, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi. Kiswahili kimezitenga vizuri zaidi kuliko lugha kadhaa za Ulaya. Kaharabu ilisagwa, ikafukizwa, ikanywewa. Hata leo katika familia za huko utakuta chupa ya vipande vya kaharabu vilivyolowekwa kwenye kileo kikali, ya kuchulia kifua na viungo. Na jirani, Sopot, mji wa mapumziko wanakojazana watu kila kiangazi, ulianza kama tiba: mwaka 1823 Jean Georges Haffner, daktari Mfaransa aliyekuja na majeshi ya Napoleon akabaki, alijenga hapo mabafu ya maji ya bahari.

Hadithi hii ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Haiishii.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Gdańsk ilifanywa Mji Huru chini ya Shirikisho la Mataifa, kuanzia 1920. Wanazi waliushika utawala wake miaka ya 1930, na mwaka 1935 kikafunguliwa chuo cha tiba. Tarehe 1 Septemba 1939 meli ya kivita ya Ujerumani, Schleswig-Holstein, ilifyatua mizinga dhidi ya kikosi cha Poland pale Westerplatte, mdomoni mwa bandari, na vita vikaanza. Siku iliyofuata Wanazi wakafungua kambi ya mateso ya Stutthof, kilomita 34 mashariki ya mji. Watu wapatao 65,000 walikufa humo.

Taasisi ya anatomia ya chuo iliongozwa na profesa Rudolf Spanner. Mji ulipoanguka mwaka 1945, walioingia katika jengo lake walikuta maiti nyingi, baadhi bila vichwa. Zilitoka magerezani kwa walionyongwa na kukatwa vichwa, hospitali ya wagonjwa wa akili, na Stutthof. Kuhusu sabuni iliyosemwa kutengenezwa humo kwa mafuta ya binadamu, yafaa kusema kwa uangalifu, kwa sababu uvumi ulienda mbali na ukanushaji nao ukaenda mbali. Uchunguzi wa Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland, uliofungwa mwaka 2006, ulihitimisha kwamba kitu cha aina ya sabuni chenye mafuta ya binadamu kilipatikana kweli katika taasisi hiyo na kilitumika kusafishia; hapakuwa na kiwanda, wala ushahidi kwamba watu waliuawa kwa lengo hilo. Mwandishi Zofia Nałkowska, aliyekuwa katika tume iliyokwenda kutazama, aliandika juu yake mwaka 1946. Spanner hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Sayansi ni ileile. Maiti juu ya meza mwaka 1613 na maiti ndani ya pipa mwaka 1944 zote zilipasuliwa na wasomi wenye shahada, katika mji mmoja. Oelhaf aliufungua mwili mbele ya raia wenzake, milango ikiwa wazi. Spanner aliletewa miili ya watu ambao dola ilikuwa imeshawatoa katika hesabu ya binadamu, naye hakuona sababu ya kuuliza ilikotoka.

Kitovu cha mji kilibomolewa karibu chote mwezi Machi 1945. Wajerumani waliobaki walifukuzwa, na wakaja Wapolandi, wengi wao nao wakiwa wamepoteza makwao huko Wilno na Lwów, yaani Vilnius ya Lithuania na Lviv ya Ukraine za leo. Mabishano yalikuwa makali: kujenga kipya au kurudisha cha kale? Wakaamua kurudisha sura za nyumba za karne ya 17, na nyuma yake wakajenga nyumba za wafanyakazi. Anayetembea leo katika mtaa wa Długa anaona ngozi ya kale juu ya mifupa ya miaka ya 1950.

Kwa upande wa tiba, mwaka huohuo wa 1945 chuo kilifunguliwa upya, cha Kipolandi, na waliokibeba walikuwa hasa maprofesa wa Wilno waliofika na mabegi yao. Anatomia ilichukuliwa na Michał Reicher. Alifundisha pale pale Spanner alipoacha, na kitabu kikubwa cha anatomia alichokiendeleza kimelea madaktari wa Poland kizazi baada ya kizazi. Gdynia, bandari jirani, ina taasisi ya tiba ya mabaharia na magonjwa ya nchi za joto, kwa sababu meli zinazotoka Afrika na Asia hurudi na watu wenye malaria, na daktari wa Baltiki lazima aitambue homa ambayo mbu wake hawaienezi.

Kisha kuna Agosti 1980. Ulimwengu unamkumbuka Lech Wałęsa, fundi umeme, akiruka ukuta wa kiwanda cha meli. Mgomo ulianza kwa kufukuzwa kwa Anna Walentynowicz, mwendesha kreni. Na kulikuwa na Alina Pienkowska, muuguzi wa kliniki ya kiwanda. Siku mgomo ulipoanza, mawasiliano yakiwa yamebanwa, ni yeye aliyefaulu kupeleka habari kwa simu hadi Warsaw. Tarehe 16 uongozi ulikubali nyongeza ya mshahara na Wałęsa akatangaza mgomo umekwisha. Maelfu wakaanza kuondoka. Pienkowska na Walentynowicz wakakimbilia malangoni, na muuguzi yule mdogo wa umbo akapanda juu ya pipa kuwasihi watu wabaki, kwa ajili ya viwanda vidogo vilivyogoma kuwaunga mkono na ambavyo sasa vingeachwa peke yake. Malango yakafungwa. Wachache walibaki, na waliobaki walitosha.

Madai 21 yakaandikwa kwa mkono kwenye mbao mbili na kutundikwa kwenye Lango Namba 2. Watu hulisoma la kwanza, la chama huru cha wafanyakazi, kisha huacha. Shuka hadi la 16, lililotokana na Pienkowska. Linadai mazingira ya kazi ya wahudumu wa afya yaboreshwe, ili kila anayefanya kazi apate matibabu kamili. Serikali ilitia saini tarehe 31 Agosti. Mbao zile, ambazo tangu 2003 zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, ziko leo katika jumba la kumbukumbu lililojengwa kando ya lango lenyewe, na mstari huo wa 16 unasomeka bado, kwa maandishi ya mkono, kati ya dai la pensheni na dai la nafasi za watoto katika shule za chekechea.